SOMO LA USALAMA WA MAJENGO: UTHIBITISHO WA MADUKA, MAGHALA NA VIWANDA

Katika ukurasa huu tunakusudia kueleza kwa urefu kidogo jambo ambalo baadhi ya watu hulichukulia kuwa ni karatasi tu ya kutundikwa ukutani, nalo ni uthibitisho wa usalama wa majengo ya biashara na viwanda. Somo hili linawahusu wenye majengo na wapangaji wao. Linawahusu pia watumishi wa Serikali ambao kwa mikono yao hutia saini na kugonga muhuri, kwani saini hiyo ni ushahidi kwamba mtu amekwenda, amepanda ngazi na ameona kwa macho yake.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba idhini ya kujenga na uthibitisho wa kutumia jengo ni mambo mawili mbalimbali. Idhini ya kujenga hutolewa juu ya michoro, kabla hata jiwe la msingi halijawekwa, na maana yake ni kwamba likijengwa kama lilivyochorwa jengo litakuwa salama. Uthibitisho wa matumizi hutolewa baada ya kazi kumalizika. Maana yake ni kwamba jengo limekaguliwa na kuonekana kuwa limefuata michoro, na kwamba linafaa kwa kazi iliyotajwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa mno. Jengo lililothibitishwa kwa ofisi halikuthibitishwa kwa ghala, na nyumba ya kuishi haigeuki kiwanda kwa kubadilishwa kibao cha mlangoni.

Hebu tuyatazame hayo kwa hesabu. Katika viwango vya uhandisi vya Kiingereza, ambavyo vimetumika kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki, sakafu ya ofisi hukadiriwa kubeba uzito wa kiasi cha kilo 250 kwa kila mita moja ya mraba. Ghala la kawaida hukadiriwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo, yaani bidhaa zikipangwa kufikia mita tatu, sakafu huelemewa na zaidi ya kilo 700 kwa mita ya mraba, karibu mara tatu ya ile ya ofisi. Ama saruji ni nzito zaidi. Mifuko kumi ya kilo 50 iliyopandana huweka kilo 500 juu ya mahali pasipofika hata nusu mita ya mraba. Mfanyabiashara anayekodi ghorofa ya kwanza ya jengo la ofisi na kuijaza mifuko hiyo hakuvunja ukuta wala hakugusa nguzo, na kwa hivyo hudhani kuwa hakubadilisha kitu. Amebadilisha kila kitu.

Jambo la pili ni kwamba ukaguzi una wakati wake, na wakati huo ukipita haurudi. Zege likishamwagwa, hakuna mkaguzi awezaye kuona kwa macho kama nondo zilizomo ni za unene uliochorwa, wala kama zimefungwa kwa nafasi inayotakiwa. Kwa sababu hiyo mkaguzi hapana budi aitwe kabla ya kumwagwa msingi, na tena kabla ya kumwagwa kila sakafu. Zege lenyewe hupimwa kwa vipande vya mchemraba vinavyochukuliwa siku ya kumwagwa na kuvunjwa kwa mashine, na nguvu inayohesabiwa ni ile ya siku ya 28. Visiwani kwetu kuna la kuongeza: mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege polepole pasina mtu kujua, hata siku moja vipande vianze kubanduka darini na kutu kuonekana. Unafuu wa bei ya mchanga huo hulipwa baadaye na mtu mwingine.

Wasomaji wengi watakumbuka msiba wa Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134. Jengo hilo lilikusudiwa maduka na ofisi, lakini ghorofa za juu, ambazo baadhi yake ziliongezwa pasina idhini iliyo sahihi, zilitiwa viwanda vya nguo pamoja na mashine zake na majenereta. Linalopaswa kutushughulisha zaidi ni siku iliyotangulia. Nyufa zilionekana tarehe 23, mhandisi alikuja akasema jengo si salama, na watu wakatolewa. Benki iliyokuwamo chini haikuwarejesha wafanyakazi wake. Mafundi wa nguo waliamrishwa warudi kazini asubuhi, na kabla ya saa tatu jengo likaanguka. Onyo lilikuwapo, kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kufunga mlango na kubaki na ufunguo.

Mfano wa pili unahusu cheti chenyewe. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistani, kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo za chuma na milango ya kutokea ilifungwa. Wiki chache tu kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kinachohusu pia usalama wa wafanyakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba moto ule ulitiwa kwa makusudi, na wapo waliosema kuwa basi jengo halikuwa na kosa. Hoja hiyo ni dhaifu. Awe ameutia adui au umeanza kwenye waya mbovu, moto huua kwa sababu mlango haufunguki.

Kwa upande wa nchi yetu, Dar es Salaam imeshuhudia jengo la ghorofa 16 likianguka tarehe 29 Machi 2013 lilipokuwa likijengwa, na jengo la maduka la Kariakoo likianguka tarehe 16 Novemba 2024. Watu wengi walipoteza maisha katika misiba yote miwili. Hapa Unguja, Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, ilianguka sehemu yake mwaka 2012 na kufungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati ikifanyiwa matengenezo, ikaporomoka tena na kuua mafundi wawili.

Majumba ya Mji Mkongwe yana tabia yao. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu hulala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti. Ncha ya boriti iliyomo ukutani ndiyo huoza kwanza, khasa pale paa linapovuja au linapowekwa bafu jipya juu yake. Kupiga ukuta huo plasta ya saruji kwa kutaka uimara ni kuufungia maji ndani, kwani chokaa hupumua na saruji haipumui. Anayegeuza jumba la namna hiyo kuwa hoteli, mkahawa au ghala asianze na fundi rangi. Aanze kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na amchukue mhandisi azitazame ncha za boriti moja moja.

Aidha, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kialikwe mapema, wakati ngazi na milango bado imo katika michoro, maana ngazi nyembamba haipanuki kwa kuagizwa. Mlango wa dharura ufunguke kwa kusukumwa kuelekea nje, bila ya ufunguo, na njia yake isiwekwe maboksi hata siku moja. Wenye maduka hutujibu kwamba hufunga kwa kuhofia wizi. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni komeo linalofunguka kwa ndani tu. Mwajiri naye akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, humwekea yeye wajibu, hata kama jengo ni la kukodi.

Mwisho, wengi huuliza wafanye nini waonapo ufa. Usizibwe kwa plasta na kupakwa rangi. Pakwa plasta ndogo nyembamba ya jasi kuukatiza ufa huo, na iandikwe tarehe juu yake. Ikibaki nzima kwa miezi, ufa umetulia, ingawa bado unastahiki kuonyeshwa mhandisi. Ikikatika, ukuta unatembea. Na ikiwa ufa ni mpya katika nguzo au mhimili, au unapanuka, au milango imeanza kukwama ghafla, hapana haja ya kungojea jasi: watu watolewe, umeme ukatwe, na Kikosi cha Zimamoto pamoja na Baraza la Manispaa au Halmashauri ya Wilaya vijulishwe siku hiyo hiyo.