Jua Haki Zako: Mwalimu wa Dubai, mkataba wa nyumba umeandikwa jina la nani?

Mwalimu wa Nairobi au Arusha akipata kazi katika shule binafsi ya Dubai, kitu cha kwanza anachokitafuta kwenye barua ya ajira ni mshahara. Haishangazi. Mshahara wa kule haukatwi kodi ya mapato, dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, na hesabu ya kuzigeuza shilingi hufanyika papo hapo kwenye simu. Mstari unaopitiwa juu juu ni ule wa malazi. Bahati mbaya, huo ndio unaoamua kama hela zitafika nyumbani au zitaishia kwa mwenye nyumba.

Kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, uliza mkataba wa nyumba utaandikwa jina la nani: la shule, la kwako au la mtu mwingine. Sheria itakayokulinda inategemea jibu hilo.

Tuanze na jina la shule. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya 2021, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi malazi yanayofaa, au amlipe posho ya nyumba, au aijumuishe posho hiyo kwenye mshahara. Ukipewa nyumba ya shule, wewe si mpangaji. Nyumba hiyo ni sehemu ya ajira yako. Kodi ikipanda, shauri la shule. Lakini ajira ikikoma, na nyumba imekwenda. Unachopaswa kujua ni kwamba hutupiwi virago siku ile ile: sheria inampa mfanyakazi hadi siku 30 baada ya kazi kwisha ahame, na ukitaka kukaa zaidi ni kwa makubaliano ya maandishi. Shule nayo ina siku 14 za kukulipa stahiki zako zote. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba malipo yatatoka ukisharudisha funguo.

Ukipewa posho badala ya nyumba, angalia mshahara umegawanywa vipi. Kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, mradi umetimiza mwaka mmoja. Mwalimu anayelipwa dirhamu 9,000 zote zikiwa za msingi atadai 12,600 baada ya miaka miwili. Mwenzake wa dirhamu 9,000 hizo hizo, ila 5,000 ni za msingi na 4,000 ni posho ya nyumba, atapata 7,000. Wanafundisha darasa moja, wanapokea kiasi kimoja kila mwezi, na mmoja anaondoka na pungufu ya 5,600. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Ni jambo la kujadili kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kusaini hakuna atakayekusikiliza.

Sasa jina lako mwenyewe, ambako ndiko kwenye kazi.

Aliyezoea Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi na dalali anataka wa kwake, hatashtuka sana. Dubai kodi hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Sheria namba 26 ya 2007 inawaachia mwenye nyumba na mpangaji wakubaliane tarehe za malipo. Wasipokubaliana, kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne zilizo sawa, kila moja kabla ya kipindi chake. Tuchukue nyumba ya dirhamu 60,000 kwa mwaka. Hundi ya kwanza ni 15,000. Amana ya mwenye nyumba, kwa desturi asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani, ni 3,000 (yenye samani huenda asilimia 10). Dalali, naye kwa desturi asilimia 5, 3,000. Amana ya umeme na maji kwa shirika la DEWA kwa nyumba ya ghorofani, 2,000. Hujanunua hata godoro na zimeshatoka 23,000, nawe mshahara wa kwanza utauona mwisho wa mwezi. Kila mwezi kwenye bili ya DEWA kuna pia ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12; kwa mfano wetu ni 250. Uliza vilevile kiyoyozi kinalipwa na nani. Majengo mengine yana kampuni ya ubaridi yenye bili na amana yake, na Julai ya Dubai haina mzaha.

Walimu wengi huomba shule iwakopeshe hela hizo za mwanzo. Si vibaya, ila mkopo wa mwajiri hauna riba kisheria, hauwezi kukatwa bila idhini yako ya maandishi, na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuvuka nusu ya mshahara.

Mkataba ukishasainiwa, hakikisha umesajiliwa Ejari, mfumo wa Idara ya Ardhi ya Dubai. Bila cheti cha usajili huo hufungui akaunti ya umeme, huwaombei mke wala watoto viza, na mkigombana na mwenye nyumba huna pa kuanzia. Mwenye nyumba anayekwambia usajili si lazima anajua anachokikwepa.

Kwenye Ejari ndipo haki zako zinapoanza kuwa na meno. Kodi haipandi kwa matakwa ya mtu. Amri namba 43 ya 2013 imeweka ngazi: kama kodi yako iko chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu ya hapo, haipandi hata senti; kati ya 11 na 20, inaweza kupanda hadi asilimia 5; kati ya 21 na 30, hadi 10; kati ya 31 na 40, hadi 15; zaidi ya hapo, mwisho ni 20. Wastani huo unautazama mwenyewe kwenye kikokotoo cha kodi cha Idara ya Ardhi. Tena anayetaka kubadili masharti ya mkataba lazima amwarifu mwenzake siku 90 kabla haujaisha, isipokuwa kama mkataba wenyewe unasema vingine. Walimu huingia Agosti, basi mwisho wa taarifa ni Mei. Ujumbe wa dalali wa katikati ya Julai, ukiwa Mombasa unakula likizo, kwamba kodi imepanda, umechelewa. Mjibu kwa adabu, kwa maandishi, na umtajie siku 90.

Kukutoa baada ya mkataba kuisha kwa sababu anauza nyumba au anataka kuishi mwenyewe, mwenye nyumba anahitaji notisi ya miezi 12 iliyopitia kwa notari au posta ya rejista. WhatsApp haihesabiki. Akidai anahamia yeye kisha akampangisha mwingine ndani ya miaka miwili, una haki ya kudai fidia. Na hawezi kukukatia maji wala umeme ili uchoke uondoke. Hilo unalipeleka hadi polisi.

Upande ambao sheria haikupendelei ni huu: mkataba wa mwaka ni wa mwaka. Ukiachishwa kazi mwezi wa tano, mwenye nyumba hahusiki, na sheria haikupi njia ya kutoka mapema. Kipindi cha majaribio kazini kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake shule inaweza kukuaga kwa notisi ya siku 14. Dai kipengele cha kuvunja mkataba, kinachotaja notisi na faini, kabla hujakata hundi hata moja. Mwenye nyumba akikataa kabisa, ushauri wangu ni ukae pa muda mpaka majaribio yaishe, hata kama ni ghali zaidi kwa mwezi.

Hundi zenyewe zisikuchezee. Tangu Januari 2022 hundi iliyorudi kwa kukosa salio si kosa la jela kama zamani. Lakini aliye nayo anakwenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji, hahitaji kufungua kesi upya, na akaunti yako inaweza kushikwa na safari yako kuzuiwa. Kufunga akaunti au kuikomba makusudi ili hundi isilipwe bado ni jinai. Wale wanaoondoka usiku wakisema watalimaliza deni wakifika nyumbani, hawalimalizi.

Jina la mtu mwingine ni fupi kulieleza. Umepanga kitanda au chumba kwa ndugu wa kwenu, mnaelewana, unampa pesa taslimu. Kama mwenye nyumba hakuridhia kwa maandishi, upangishaji huo ni kinyume cha sheria, na anaweza kuwatoa nyote wawili. Unayebaki kumdai ni huyo ndugu, na huna karatasi. Vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali ndivyo manispaa ilivyovifanyia msako 2025, Rigga, Muraqqabat na Satwa zikiwemo. Kama lazima mshirikiane nyumba, jina lako liongezwe kama mkazi kwenye Ejari, na risiti iandikwe kila mwezi.

Yote haya ni ya Dubai. Anayelala Sharjah na kufundisha Dubai anaongozwa na sheria ya upangaji ya Sharjah, na Abu Dhabi ina ya kwake. Sheria ya kazi ndiyo inayofanana karibu kote.

Mgogoro wa nyumba Dubai unakwenda Kituo cha Migogoro ya Upangaji, kilichoundwa 2013. Ada ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, si chini ya dirhamu 500, na nyaraka zisizo za Kiarabu zitafsiriwe. Mgogoro wa shule, ikiwemo posho ya nyumba na kiinua mgongo, unakwenda Wizara ya Rasilimali Watu. Tangu 2024 wizara hiyo yenyewe inaweza kutoa uamuzi kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000, na una miaka miwili ya kudai tangu ajira ikome.

Siku ya kuhamia, piga picha kila ukuta, kila bomba na ndani ya jokofu, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Uchakavu wa kawaida wa matumizi haukatwi kwenye amana. Siku ya kuhama piga picha zile zile, lipa bili ya mwisho ya DEWA, futa Ejari, na usikabidhi funguo kabla hundi ambazo hazijafikia tarehe hazijarudi mkononi mwako.