Watoto wetu na barabara: Tusijifiche nyuma ya qadar

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Vwawa

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kila inapotokea mwanafunzi wa shule ya msingi kagongwa na gari, maneno yanayosikika msibani ni yale yale: “Siku yake ilikuwa imefika”, “ni mipango ya Mungu”. Kwa mfiwa, hayo ni maneno ya subira na ni haki yake kuyasikia. Lakini maneno hayo hayo yakitolewa na dereva aliyekuwa mwendo kasi, au na uongozi ulioombwa tuta ukakaa kimya, au na sisi wazazi tunaoacha mtoto wa miaka sita avuke barabara kuu peke yake, yanageuka kuwa kichaka cha kujificha. Katika makala hii nataka tulitazame suala hili kwa mizani ya Uislamu, kisha tuone la kufanya.

Hali ilivyo hapa kwetu

Asiyeifahamu Vwawa aelewe kwamba mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016, umekatwa na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Hii ndiyo njia ya malori yanayobeba mafuta na mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na yanayorudi na shaba. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kifunguliwe mwaka 2019 ili kuharakisha huduma, ni wazi kwamba biashara hiyo ndiyo uhai wa mkoa wetu. Hakuna mwenye akili anayetaka malori yasipite.

Tatizo ni kwamba barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya mtoto kwenda shule. Nyumba ziko upande mmoja, shule upande wa pili. Asubuhi ya baridi, pengine na ukungu, mtoto amejifunika kofia ya sweta hadi masikioni, anasimama pembezoni mwa lami akisubiri nafasi. Mbele yake lori limeegeshwa, utingo anakagua matairi. Mtoto wa darasa la kwanza urefu wake hauifikii hata boneti ya lori hilo. Yeye haoni kinachokuja, na anayekuja hamuoni yeye. Ongeza bodaboda zinazopita kushoto kwa gari, nyingine zimepakia mishikaki ya wanafunzi watatu au wanne.

Kwa mtoto wa Kiislamu safari haziishii hapo. Akirudi shule anakula, kisha anatoka tena kwenda madrasa, na jioni anarudi giza likiwa linaingia. Mwenzake anavuka mara mbili kwa siku, yeye anavuka mara nne.

Qadar haifuti wajibu

Sisi tunaamini qadar, kheri yake na shari yake. Hiyo ni nguzo ya imani. Lakini tuwaulize walioielewa qadar kuliko sisi, waliifanyia kazi vipi?

Wakati mmoja Khalifa Umar bin Khattab (r.a) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba huko mbele kuna maradhi ya tauni. Baada ya kushauriana na maswahaba akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine kavu. Kokote atakakochungia itakuwa ni kwa qadar, lakini mchunga mwenye akili anajua upande wa kupeleka wanyama wake. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Mafunzo ni yale yale katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Hivyo basi, tuta mbele ya lango la shule ni kamba ya ngamia. Kivuko cha zebra kilichopakwa rangi ni kamba ya ngamia. Mtu mzima anayesimama na kibendera asubuhi kuwavusha watoto anamfunga ngamia, na baada ya hapo ndipo tunainua mikono kuomba dua.

Njia ina haki zake

Wengi wetu tunaijua hadithi ya matawi ya imani, kwamba la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Aidha, katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) aliwakataza maswahaba kukaa njiani. Walipoeleza kuwa hawana budi, akawataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Ikiwa jiwe au mwiba ni maudhi ambayo kuyaondoa ni sehemu ya imani, je, lori lililoegeshwa juu ya kivuko cha wanafunzi tuliite nini?

Kuna madereva Waislamu wanaoswali swala tano, lakini wakishika usukani wanaona sheria za barabarani ni mambo ya trafiki tu, za kufuatwa pale anapoonekana askari. Wajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, lilipitisha kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kisharia. Maana yake ni kwamba anayekiuka anapata dhambi hata kama hakuna askari.

Ama anayeua kwa kukosea, Qur’an katika Suratun-Nisaa aya ya 92 imeweka fidia kwa familia na kafara. Asiyeweza kumwacha huru mtumwa anafunga miezi miwili mfululizo. Tujiulize, ni madereva wangapi waliogonga wakaua, wakamalizana na polisi na bima, na hawajawahi hata kuambiwa kuhusu funga hiyo?

Kasi ndiyo inayoua

Hebu tupige hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kwa kila sekunde moja. Likiwa na kilomita 50, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kisheria kwenye maeneo ya makazi, hukata mita 14. Likiwa na kilomita 30 ni mita 8 tu. Sekunde moja ndiyo muda ambao dereva aliye macho huchukua kumuona mtoto na kufikisha mguu kwenye breki. Kwa hiyo mwenye kilomita 80 ameshatembea mita 22 kabla breki haijaanza kazi, tena lori lenye mzigo haliwezi kusimama ghafla. Ndiyo maana mkutano wa dunia wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 pale ambapo waenda kwa miguu na magari wanachanganyika.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Ulaya. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi kwenye maeneo ya shule za msingi: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, alama, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, na pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kubwa. Si vitu vya mabilioni. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize. Kilichowezekana Dar es Salaam kinawezekana Vwawa, Mlowo na Tunduma.

Nini kifanyike

Kwanza, wazazi na kamati za shule tuandike barua. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, na barabara za mitaani ziko chini ya TARURA. Barua ieleze shule ipi, watoto wangapi wanavuka na saa ngapi, na inaombwa nini. Nakala iende kwa diwani na kikosi cha usalama barabarani. Malalamiko ya kijiweni hayana faili.

Pili, misikiti ipange zamu. Wazee na vijana wanaotoka swala ya alfajiri wanaweza kugawana siku za kuwavusha watoto, wa Kiislamu na wasio wa Kiislamu, maana mtoto ni amana bila kuulizwa dini yake. Jioni wavushwe wa madrasa.

Tatu, walimu wa madrasa tubadili ratiba ili watoto wadogo waruhusiwe mapema, warudi nyumbani bado kweupe, tena kwa makundi, mkubwa akimshika mdogo mkono.

Nne, makhatibu walizungumze suala hili Ijumaa, kwani madereva na waendesha bodaboda wamo safuni. Mzazi naye akatae mwanawe kupakiwa mishikaki kwa sababu ya kuokoa shilingi mia chache.

Mtume (s.a.w) alikuwa akisikia mtoto analia huku yeye akiswalisha, anaifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala yenyewe ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, ni safari gani ya lori, ni abiria gani wa bodaboda, asiyeweza kusubiri sekunde kumi mtoto avuke?

Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Tukishatimiza sehemu yetu, kisha likatokea la kutokea, hapo ndipo tutasema kwa ulimi mkweli kwamba ni qadar ya Allah. Kabla ya hapo, tuwe waangalifu na neno hilo.

Wabillahi tawfiq.