Mlango wa kuchonga: chagua mbao kwanza, ua baadaye

Mlango wangu wa kwanza ulipasuka kabla nyumba haijatimiza mwaka. Niliununua ukiwa tayari, kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni mninga. Kumbe ulikuwa mwembe uliopakwa rangi, tena mbichi. Masika ilipoingia mbawa zikavimba hata hazifungiki. Likaja jua la kaskazi, zikanywea, ufa ukapita katikati ya ua, na unga wa dumuzi ukaanza kudondoka kizingitini. Iliniuma sana. Namwandikia anayejenga sasa, Fuoni, Bububu au kwingineko, na anautaka mlango wa mbele wenye sura ya Unguja.

Kabla hujalipa hata arubuni, nenda Mji Mkongwe asubuhi, jua likiwa bado limelala ubavuni, maana nakshi huonekana vizuri kwa kivuli chake. Pita Shangani, Hurumzi, Mkunazini. Utaona milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ambayo watu huiita ya Kiarabu, na mingine yenye tao na maua mengi, yenye mkono wa Kihindi. Kwenye mitaa ya maduka iko ile inayokunjika vipande vipande, iliyotengenezwa ili duka zima liwe wazi mbele ya mteja. Halafu itazame nyumba yako. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilikuwa na ukuta mkubwa wa kuibeba. Nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, tao lingeimeza. Nikachagua kizingiti kilichonyooka.

Mara ya pili nilimwendea mzee mmoja fundi wa nakshi. Nilikwenda na picha za maua kwenye simu. Hakuzitazama. Aliniuliza, “Mwanangu, mlango utatazama wapi?” Nikamwambia unatazama magharibi, mvua inaupiga na jua la alasiri pia. Hapo ndipo akaanza kuzungumzia mbao. Msaji unastahimili jua na mvua kuliko mingi, lakini bei yake nzito. Mbambakofi ni mgumu, unachosha patasi, ila mchwa hawauwezi kwa urahisi. Mfenesi unachongeka vizuri na rangi yake ya manjano hukolea kadiri miaka inavyopita. Huo akaniambia niuweke chini ya baraza yenye paa. Nilichukua mbambakofi.

Uulize ukavu kabla ya bei. Kwa makadirio ya kawaida, mbao inayokaushwa kivulini huhitaji mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Inyanyue, inuse, itazame kwenye ncha: mbichi ni nzito, inanuka utomvu, na kucha huacha alama. Mlango uliokwisha pakwa rangi siununui tena. Nataka kuiona mbao yenyewe.

Vipimo tulivichukua pamoja, na hapo mzee alinifunza jambo ambalo nisingelifikiria. “Jeneza litapita, na wanaolibeba?” Tukaongeza upana. Kizingiti cha chini nacho tulikishusha, kwa sababu mama yangu anaumwa magoti. Ukumbuke pia kwamba mfaa, ule mti wa katikati, hushikizwa kwenye ubawa mmoja, kwa hiyo ubawa wa pili ndio unaofunguliwa kwanza. Amua mapema uwe upande gani.

Kuhusu nakshi, pesa ziweke kwenye fremu. Kwenye milango mingi ya kale miimo na kizingiti cha juu ndivyo vilivyochongwa. Mbawa ni mbao tupu na njumu za shaba. Omba ichongwe kwa kina, kwani iliyokwaruzwa juu juu hufutika kila unapopiga msasa. Samaki huelezwa kuwa ni uzazi, mtende ni neema. Mnyororo, baadhi ya waongoza watalii huuhusisha na utumwa; fundi wangu anausoma kuwa ni ulinzi wa nyumba, nami nikauweka ukingoni. Ukitaka aya, iwe juu tu, mahali pasipofikiwa na miguu wala matope. Mimi niliandikisha mwaka, 1445 Hijria.

Ukishawishiwa ununue mlango mkuukuu uliong'olewa mjini, tafadhali kataa. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na nyumba iliyonyang'anywa mlango wake imenyang'anywa uso. Kama nyumba yako iko ndani ya mji huo, pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kugusa fremu.

Vanishi sikupaka, maana juani hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Kila kabla ya masika na kabla ya vuli nafuta vumbi kwa brashi laini, nasugua mafuta kwa kitambaa, naacha yanywewe usiku kucha. Njumu nazisafisha kwa ukwaju, nikiweka kipande cha karatasi kuzunguka kila moja ili maji ya ukwaju yasiingie kwenye mbao.