Usitoke Kabla ya Matangazo



Kijana mwenzangu wa Kasulu, Kibondo na popote unaposomea somo hili, karibu. Wiki hii tutazungumzia kitu ambacho wengi hawakipi uzito: matangazo ya Jumapili. Ndiyo, yale yale yanayosomwa baada ya Komunyo, wakati nusu ya vijana wameshasogea mlangoni na wengine wako nje chini ya mti wanawasha simu. Swali letu ni rahisi: je, kutoka wakati wa matangazo ni jambo dogo?

Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Mdo 6:1-7, Rum 16:1-16 na 1 Kor 16:1-4. Sitayanakili hapa. Ukishasoma, rudi tuendelee.

1. Matangazo yako wapi ndani ya Misa?

Wengine hudhani Misa inakwisha kwenye Komunyo, halafu kinafuata kikao kidogo cha kijiji. Sivyo. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 90, yanapoeleza ibada za kumalizia, yanaanza na matangazo mafupi, iwapo yapo ya lazima. Ndipo yanafuata salamu na baraka, kisha kuagwa kwa waamini ili kila mmoja arudi kutenda mema huku akimsifu Mungu. Kwa hiyo anayetoka kwenye matangazo anatoka kabla ya baraka.

Tazama na mpangilio wenyewe. Umesikia Neno, umepokea Mwili wa Kristo, na sasa unatumwa. Neno lenyewe "Misa" limetoka kwenye Kilatini *missa*, yaani kuagwa, kutumwa. Sasa unatumwa wapi? Kwa nani? Matangazo ndiyo yanayokujibu: mgonjwa yuko jumuiya fulani, mazishi ni kesho saa nane, mafundisho ya Kipaimara yanaanza Jumamosi. Bila hayo tungetumwa "duniani" kwa ujumla, na duniani kwa ujumla hakuna mtu anayeishi. Watu wanaishi Makere, Kabanga, Mabamba, Kifura.

2. Kanisa la mwanzo nalo lilikuwa na matangazo

Soma tena Rum 16. Baada ya sura kumi na tano za mafundisho mazito juu ya neema na imani, Mtume Paulo anaanza kutaja watu kwa majina. Anamtambulisha dada Fibi wa Kenkrea na kuomba apokelewe vizuri na asaidiwe kwa lolote atakalohitaji. Anawasalimu Priska na Akila pamoja na kanisa linalokutana nyumbani kwao. Yaani barua ile ile inayosomwa na wanateolojia wa dunia nzima ina sehemu ambayo ni matangazo kabisa. Katika 1 Kor 16 anatangaza mchango: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kadiri alivyofanikiwa, kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu. Aliyeondoka mapema pale Korintho angekosa yote hayo.

Miaka mia hivi baadaye, Mtakatifu Yustino Shahidi, mwanafalsafa aliyefundisha Roma, alimwandikia Kaisari kumweleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jumapili. Anaeleza masomo, mahubiri, sala, mkate na divai. Halafu anaongeza mambo mawili. La kwanza, wasiokuwepo wanapelekewa Ekaristi na mashemasi. La pili, wenye uwezo wanatoa, na kiongozi anatumia mali ile kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hayo yamo katika Utetezi wake wa Kwanza, sura ya 67, ulioandikwa kama mwaka 155. Lazima mtu awe alitaja kwa sauti nani mgonjwa na nani kafungwa, maana huwezi kumsaidia usiyemjua.

Na neno "wageni" sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu kutoka Kongo. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa wingi, na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Watu wetu wanajua maana ya kusikia baada ya Komunyo kwamba zinahitajika nguo na sabuni.

3. Habari inavyosafiri katika parokia ya vijijini

Wenzetu wa mjini wana Misa tatu kila Jumapili. Huku kwetu padre mmoja au wawili wanahudumia vigango vingi, barabara ni ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na pikipiki ndiyo gari. Kigango kinaweza kukaa wiki kadhaa bila Misa. Jumapili hizo katekista anaongoza Ibada ya Neno, na ndiye anayesoma matangazo. (Kumbuka kwamba tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliuweka rasmi utumishi wa katekista katika Kanisa zima. Sisi tulikuwa tunauishi zamani.)

Fuatilia njia ya tangazo moja. Bibi anaugua. Jumuiya Ndogo Ndogo ya jirani wanakutana katikati ya wiki, wanasoma Injili, kisha mwenyekiti anauliza: nani hajaonekana? Mtu anasema, "Bibi fulani hajatoka ndani tangu Jumatatu." Mwenyekiti anamwambia katekista, katekista anaandika kwenye daftari na kumpigia padre. Jumapili jina linasomwa, padre anapanga siku ya Mpako wa Wagonjwa, WAWATA wanapanga kuchota maji na kupika. Hatua ni nyingi, na mnyororo ukikatika sehemu moja, bibi anabaki peke yake.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, walipozichagua Jumuiya Ndogo Ndogo miaka ya 1970 kuwa njia ya kulijenga Kanisa letu, walitaka Kanisa lifike mlangoni pa kila nyumba. Matangazo ni kamba inayounganisha nyumba hiyo na altare. Habari inapanda kutoka jumuiya hadi parokia, halafu inashuka kutoka parokia hadi jumuiya.

4. "Frateri, hatukusikia"

Sasa nifike kwenye kiini. Katika mwaka wangu wa kichungaji, masika haya, kigango kimoja kilipigwa na upepo mkali na nyumba ya mama mjane ikaezuliwa mabati. Jumapili likasomwa tangazo: vijana wenye nguvu wakutane kwake Jumatano saa mbili asubuhi, na kila jumuiya ilete misumari au nguzo. Jumatano tulifika watu sita: akina mama wanne, katekista na mimi. Fundi hakuwepo. Tulifunga turubai tu, na yule mama na wajukuu zake wakalala chini yake siku tatu zaidi, mvua ikinyesha, hadi kazi ilipokamilika Jumamosi.

Nilipowauliza vijana, jibu lilikuwa moja: "Frateri, hatukusikia." Mmoja wao anaishi hatua chache tu kutoka pale. Na hawakudanganya. Kweli hawakusikia, kwa sababu wakati linasomwa walikuwa nje.

Je, asiyesikia ana hatia? Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha (*Summa Theologiae* I-II, swali la 76) kwamba kutojua kunaweza kumwondolea mtu lawama, lakini si kila kutojua. Usichoweza kukijua kwa namna yoyote hakikuhesabiwi. Ila kama hukujua kwa sababu hukutaka kujua, au kwa uzembe wa kutojali jambo lililokupasa kulijua, basi lawama inabaki. Kwa Kiswahili cha mtaani: kuziba masikio halafu kusema sikusikia.

Hapa ndipo kutoka kwenye matangazo kunapoacha kuwa jambo dogo. Hakuna kijana aliyesema, "Mama huyu alale kwenye mvua." Wangeambiwa ana kwa ana, wangekimbia na nyundo mkononi, nawajua. Walichochagua ni kuwa mahali ambapo kilio chake hakiwafikii. Rudi Mdo 6: wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na Mitume hawakusema "hatukusikia". Waliitisha mkutano wa waamini wote, wakachaguliwa watu saba.

5. Tangazo la ndoa

Kuna tangazo moja ambalo vijana hulisikiliza, la ndoa, ila mara nyingi kwa kucheka na kupiga vigelegele tu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza Kanisa zima litangaze ndoa mapema kanisani ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Na Sheria za Kanisa leo, kanuni ya 1069, zinasema waamini wote wanawajibika kumjulisha paroko au askofu kizuizi wanachokijua kabla ndoa haijafungwa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai notisi ya siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa.

Fikiria sasa. Kijana ametoka kwetu kwenda kutafuta maisha mbali, amerudi baada ya miaka mitano anataka kuoa. Paroko hajui huko aliishi na nani. Mwenye kujua ni rafiki yake waliyepanga naye chumba. Akiwa nje chini ya mti, au akiwa ndani akanyamaza kwa kuogopa kuonekana mbaya, binti wa watu anaingia kwenye ndoa ambayo huenda ni batili. Ukijua jambo, nenda kwa paroko kwa siri na kwa heshima. Usiende kijiweni.

6. Na wanaotangaza nao?

Haki itendeke pande zote. Vijana wananiambia, "Frateri, matangazo yenyewe ni dakika arobaini, na yote ni michango." Lalamiko hilo lina ukweli wake. Misale inataka matangazo mafupi, na yawe ya lazima.

Akwino tena anatusaidia. Anapoeleza sheria ni nini (I-II, swali la 90) anataja mambo manne: iwe agizo la akili, iwe kwa manufaa ya wote, itoke kwa mwenye jukumu la jumuiya, na itangazwe. Tangazo la kigango si sheria ya dola, lakini tunaweza kulipima kwa kipimo hicho hicho. Je, lina sababu inayoelezeka? Je, ni kwa faida ya wote, au ni la kumwaibisha mtu ambaye hajatoa zaka? Je, limepitishwa na viongozi wa kigango na paroko? Je, limesomwa kwa namna ambayo hata bibi wa benchi la nyuma ameelewa siku, saa na mahali?

Mimi ningependekeza mpangilio huu kwa makatekista na makatibu: kwanza wagonjwa na wafiwa, pili huduma za Misa na Sakramenti za wiki, tatu ndoa, nne kazi za pamoja, mwisho michango, pamoja na taarifa fupi ya mchango uliopita ulivyotumika. Mkulima aliyetoa debe lake la maharage ana haki ya kujua limefika wapi.

7. Kazi ya wiki hii

Akwino anaongeza jambo zuri sana pale pale: wasiokuwepo wakati sheria inatangazwa nao inawahusu, kwa kadiri inavyowafikia au inavyoweza kuwafikia kupitia wengine. Kupitia wengine! Hao wengine ni sisi. Kundi la WhatsApp linasaidia, lakini mama aliyefiwa na mume, mzee asiyeona na ndugu aliye shambani mbali hawamo kwenye kundi lako.

Kwa hiyo VIWAWA na vijana wote wa kigango, naomba mambo matatu. Kaa hadi baraka. Andika tangazo moja linalokuhusu na ulitekeleze kabla ya Jumapili ijayo. Na ukirudi nyumbani, pita nyumba moja ya mtu ambaye hakuweza kuja, umpe salamu na umwambie yaliyotangazwa. Mashemasi wa enzi za Yustino walitembea kwa miguu. Sisi tuna hata baiskeli.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya

1. Jumapili iliyopita yalitangazwa mambo gani? Nani anayakumbuka bila kuulizana?
2. Ni nani katika jumuiya yetu ambaye habari zake hazijawahi kufika kanisani? Kwa nini?
3. Je, michango tunayotangaza inatolewa taarifa? Tufanyeje?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulimsikia kipofu wa Yeriko wakati umati ulitaka anyamaze. Tupe masikio ya kumsikia jirani anayeugua, anayelia na anayehangaika. Utulinde tusijifiche mahali ambapo sauti yake haitufikii. Uwabariki makatekista wetu na viongozi wa jumuiya, na utufanye wepesi wa miguu katika wiki hii. Amina.

Jumapili njema, tukutane kwenye matangazo.