Difu ya Kudhibiti Utelezi: Ijue Kabla ya Kununua au Kuhudumia Gari

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Ikiwa magurudumu mawili ya ekseli moja yameachana kwa mita 1.5, gari likizunguka duara moja kamili gurudumu la nje litakuwa limesafiri zaidi ya mita 9 kuliko mwenzake. Difu ndiyo inayoyawezesha magurudumu hayo kuzunguka kwa kasi tofauti, huku yote mawili yakipokea nguvu ya injini.

Kasoro ya difu ya kawaida

Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu moja likiingia kwenye tope, nguvu ndogo tu hutosha kulizungusha. Na kwa kuwa mgawo ni sawa, gurudumu lililo kwenye ardhi ngumu nalo hupata nguvu hiyo hiyo ndogo. Matokeo yake, moja huzunguka bure, lingine hutulia, na gari hukwama.

Namna difu ya kudhibiti utelezi inavyofanya kazi

Difu hii, ambayo mafundi huitambua kwa herufi LSD, ina aina kadhaa. Iliyozoeleka huwa na sahani za klachi ndani yake. Gurudumu moja linapoanza kuteleza, sahani husuguana na kupinga tofauti ya kasi, hivyo sehemu kubwa ya nguvu huelekea kwenye gurudumu linaloshika barabara. Hata hivyo, upinzani huo una kikomo. Difu hii si sawa na ile inayofungwa kabisa kwa loku.

Mambo ya kuzingatia

1. Oili. Sahani huhitaji oili maalumu. Oili isiyofaa yaweza kuleta mtetemo na kelele kwenye kona, na hatimaye kuziharibu. Soma kitabu cha gari au kibandiko kilicho kwenye difu, kisha ulikague kopo la oili kabla fundi hajaimimina.

2. Tairi. Tairi za ekseli hiyo ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa kwa kadiri moja. Zikitofautiana, sahani husuguana muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka.

3. Jeki. Kamwe usiwashe injini na kuingiza gia wakati gurudumu moja la ekseli hiyo limeinuliwa. Lile lililobaki chini laweza kupokea nguvu, gari likachomoka kwenye jeki na kuua mtu.

4. Ununuzi. Sahani huchakaa, zikiisha, difu hii hufanya kazi kama ya kawaida. Usilipe bei ya ziada kwa kutegemea neno la muuzaji pekee. Fundi unayemwamini aikague kabla ya malipo, na sifa hiyo iandikwe katika mkataba wa mauziano.