USIUZE POMBOO, UZA BOTI: somo lililonigharimu laki nne na ishirini

Leo sina mbinu ya kupata wateja. Leo nina somo la jinsi ya kuandika tangazo ambalo halitakurudia usoni. Ada yake nimeshawalipia, ni shilingi 420,000, nyie someni bure.

Wanaonifuatilia wanajua duka langu liko hapa Tengeru. Nauza viatu na mikoba, dukani na kwenye WhatsApp. Wateja wangu wengi ni akina mama na vijana wa sokoni. Mwaka juzi wakaanza kulalamika kwenye grupu kwamba wanafanya kazi mwaka mzima na hawajawahi hata kuiona bahari. Mmoja akaandika: "Dada, wewe si unaweza kupanga mambo, tupeleke." Wote wakaitikia. Mimi nikaona hela.

Soko letu ni Jumatano na Jumamosi. Nikapanga hivi: Jumapili asubuhi tunaondoka, tunalala Pangani, Jumatatu tunashinda kisiwani Maziwe, tunalala tena, Jumanne tunarudi, Jumatano kila mtu yuko kwenye meza yake. Nilichagua Maziwe kwa sababu hakuna ndege wala meli ya Zanzibar. Ni barabara tu: Moshi, Same, Mombo, Segera, Muheza, mpaka Pangani. Kisiwa kiko kama kilomita 8 kutoka hapo. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, kina matumbawe, samaki wa rangi zote, kasa, na njiani watu huwa wanaona pomboo.

Hili ndilo tangazo nililoposti:

"TWENDE MAZIWE!!! Siku nzima kisiwani. Kuogelea na pomboo. Kuona kasa. Pilau mchangani mpaka jua lizame. 165,000 tu, kila kitu ndani."

Picha nikaitoa mtandaoni, pomboo watatu wameruka juu ya maji. Ndani ya siku nne watu 14 wameshalipa. Hiyo ni 2,310,000. Gari, kulala, boti, viingilio, mwongozaji na chakula vilikula 2,100,000. Faida yangu 210,000. Nikajiona bosi.

KILICHOTOKEA

Jumapili usiku nahodha, mzee mmoja mpole sana, akaniambia: "Mwanangu, saa 2 kamili asubuhi muwe ufukweni." Nikaitikia "Sawa mzee" kama tunavyoitikia sisi. Asubuhi huyu anatafuta kofia, yule anasubiri chapati, mahotpoti ya pilau hayajafika. Tukaondoka saa 4 na nusu. Tukafika kisiwani saa 5 na nusu.

Tumeshuka, watu wanapiga picha, nahodha akaniita pembeni: "Saa 7 na nusu tuwe tumeshapanda."

Nikamwambia mzee, sisi tumelipia siku nzima. Akacheka kidogo, akaonyesha mchanga niliosimama. "Hapa ulipo, saa 10 ni bahari."

Wapambanaji, mimi nilikuwa sijui kwamba Maziwe inazama. Sisi wa Tengeru maji tunayoyajua ni ya Ziwa Duluti. Ukienda asubuhi yapo, jioni yapo palepale. Nilidhani kisiwa ni kisiwa.

Mwongozaji akatueleza. Zamani Maziwe ilikuwa na miti, mivinje mirefu. Bahari ikala ufukwe, miti ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea yote ilikuwa imeisha. Sasa ni fungu la mchanga. Maji yakipwa linatokeza, yakijaa linafunikwa. Kasa bado wanapanda kutaga, ndiyo maana walinzi huyahamishia mayai ufukwe wa Ushongo, la sivyo maji yanayaharibu.

Kwa hiyo siku nzima niliyouza ikawa saa mbili. Pomboo hatukumwona hata mmoja. Kasa hakuna. Samaki walikuwepo wengi mno, na hapo niseme ukweli, waliovaa miwani na mrija wa kupumulia walifurahi. Kuna mama mmoja aliyekuwa anaogopa hata kulowesha miguu. Alipoinamisha uso mara moja akaona yale matumbawe na samaki wa njano na bluu, tulimtoa kwa kumbembeleza. Lakini pilau tumelila kwenye boti, limemwagika nusu, na jua limezama tukiwa gesti.

Kwenye gari kurudi, kimya. Tulipofika Same mama mmoja, mteja wangu tangu nafungua duka, akasema taratibu tu: "Mimi siidai bahari. Nakudai wewe, maana wewe ndiye uliyeandika."

Sikuwa na jibu. Nikarudisha 30,000 kwa kila mtu. Mara 14 ni 420,000. Faida yote ikaenda na 210,000 nyingine nikaitoa kwenye hela ya mzigo wa viatu vya shule. Januari ile wenzangu wanauza, mimi rafu zina mapengo.

SOMO LENYEWE: DROO TATU

Nilikaa na lile tangazo nikaliangalia neno kwa neno. Kosa halikuwa bahari. Kosa ni kwamba nilichanganya vitu vya aina tatu nikaviuza kwa bei moja. Siku hizi kabla ya kuposti chochote nagawa kwenye droo tatu.

Droo ya 1: Kilicho mkononi mwangu. Gari, chumba, boti, laifu jaketi, miwani, chakula, mwongozaji. Hivi nikiahidi nisipotoa, mimi ni mwongo. Bei inapangwa kwa hivi tu.

Droo ya 2: Kinachoamuliwa na mwingine. Maji, upepo, mvua, wanyama. Hivi havikatazwi kwenye tangazo, ila unavitaja kama vilivyo, na unaeleza vinategemea nini.

Droo ya 3: Kilicho mkononi mwa mteja. Kuwahi, kusema kama hajui kuogelea, kubeba nguo za kubadilisha. Usipomwandikia, atajua ni kazi yako.

Mfano rahisi. Ukipeleka watu kisiwa cha Changuu, kule Zanzibar, unaweza kuwaahidi kobe wakubwa. Wale kobe asili yao ni Aldabra, Shelisheli, wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919, na wanatunzwa palepale kisiwani. Hawaendi popote. Hiyo ni droo ya 1. Lakini ukipeleka watu Kizimkazi kuona pomboo, pomboo hana mkataba na wewe. Droo ya 2. Mafia nako kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Huonekana zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Ukimuuzia mtu safari ya Juni kwa picha ya papa potwe, umemwibia.

ULIZA KABLA YA KUPOKEA HELA

Nilirudi kwa nahodha, safari hii kwa heshima zote, nikamwomba anifundishe. Haya hapa, yatakusaidia hata kama ni matembezi ya familia yako tu:

1. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo saa ya Jumatatu hii siyo ya Jumatatu ijayo. Uliza kwa tarehe yako.

2. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa sana na yanajaa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku zile za bamvua pwani yetu maji yanakuwa yamepwa kabisa mida ya saa 4 au 5 asubuhi. Ndiyo maana mzee alisema saa 2. Mimi nilichagua mwezi mpevu kwa ajili ya picha za usiku, bila kujua ndio unaopanga ratiba yangu.

3. Upepo. Kusi ikivuma, hasa Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka. Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki. Usimbembeleze mtu aliyebeba roho 14.

4. Leseni. Kuongoza watalii ni biashara inayotaka leseni yake. Mimi ni muuza viatu. Kwa hiyo nakusanya wateja, anayeongoza ni mwenye leseni, na boti ni ya mtu anayefanya kazi hiyo kila siku.

TANGAZO LANGU JIPYA

Linakili, badilisha ya kwako:

"SAFARI YA MAZIWE, JUMATATU.
Nakuhakikishia: gari kwenda na kurudi, kulala Pangani usiku mbili (watu wawili chumba kimoja), boti yenye laifu jaketi ya kila mtu, miwani na mrija, mwongozaji mwenye leseni, kiingilio, chakula.
Bahari inaamua: Maziwe huonekana maji yakipwa tu. Siku hiyo tutakuwa mchangani kama saa 3. Pomboo na kasa tukiwaona ni bahati yetu, hatuwafukuzi wala kuwagusa. Hatukanyagi matumbawe.
Wewe: saa 2 kamili ufukweni, maji hayatusubiri. Kama hujui kuogelea niambie mapema, siyo aibu.
Hela: nahodha akizuia kwa sababu ya hali ya hewa, unarudishiwa hela ya boti na kiingilio yote. Ukiahirisha wewe zikiwa zimebaki chini ya siku 3, hela ya gari hairudi.
Bei 175,000."

Picha safari hii ilikuwa ya mchanga mtupu na boti yetu, niliyopiga mwenyewe kwa simu.

Niliogopa kuiposti. Nilijua mtu akisoma "saa 3" na "bahati" atakimbia. Walikuja 12 badala ya 14, na bei nilikuwa nimepandisha. Saa 2 kasoro dakika 10 wote wako ufukweni, wamekunja suruali. Maana nilikuwa nimewaambia kwa nini. Tulifika fungu lote liko wazi, jeupe kabisa. Pomboo tuliwaona wawili kwa mbali, wakapita. Ungesikia zile kelele! Lile tangazo la kwanza, pomboo wawili wa mbali wangekuwa malalamiko. Safari hii walikuwa zawadi. Hakuna aliyenidai shilingi.

Na yule mama wa Same? Alikuwa wa kwanza kulipa. Nikamuuliza, mama, hukuogopa? Akasema: "Ulinirudishia hela sijakuomba mara mbili. Ningeogopa nini?" Hapo ndipo nilipoelewa ile 420,000 haikupotea yote.

WEWE USIYEUZA SAFARI

Usiseme hili halikuhusu. Kila biashara ya mtandaoni ina bahari yake.

Unauza nguo? Saizi na kitambaa ni droo ya 1. Rangi kwenye simu ya mteja ni droo ya 2, mwambie inaweza kutofautiana kidogo, mtumie na video ya juani. Vipimo vyake ni droo ya 3.

Unaagiza mzigo Kariakoo? Kuufunga na kuupeleka kwenye basi ni droo ya 1. Saa basi litakayofika Arusha ni droo ya 2. Acha kuandika "kesho asubuhi unao". Andika "leo jioni napakia, nakutumia picha ya risiti".

Unauza keki, maparachichi, vifaranga? Fanya hivyohivyo.

Kazi ya leo: fungua posti yako ya mwisho. Chukua karatasi, chora droo tatu, gawa kila neno ulilomwahidi mteja. Ukikuta droo ya 2 imejaa kuliko ya 1, ujue unauza bahari. Ifute uandike upya usiku huu, kabla hajalipa mtu.

Tuambie kwenye komenti: ni ahadi gani uliwahi kuitoa ambayo haikuwa mkononi mwako, na ilikugharimu shilingi ngapi? Tusaidiane, ada ni kubwa huku nje.