Kufuatilia Virusi Watu Wanapoacha Kupima

Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Huingia ndani ya seli hai na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Maelekezo ya kazi hiyo yamo katika vinasaba vyake, na vya kirusi cha UVIKO-19 ni mfululizo wa vijenzi vya kikemikali takriban 30,000, ambavyo wanasayansi huviandika kwa herufi. Mfululizo huo unaponakiliwa, herufi huweza kukosewa au kudondoka. Makosa mengi hayabadilishi kitu. Machache hukiwezesha kirusi kuenea upesi zaidi au kukwepa kinga ya mwili, na hapo ndipo aina mpya huzaliwa.

Aina mpya haitambuliki kwa kikohozi wala homa. Lazima herufi zisomwe maabarani. Novemba 2021, maabara nchini Afrika Kusini ziliona kwamba kipimo kinachotafuta sehemu tatu za vinasaba kilikuwa kikipata mbili tu. Herufi chache zilikuwa zimedondoka katika sehemu ya tatu. Wataalamu wa huko na wa Botswana walisoma mifululizo mizima, na tarehe 26 Shirika la Afya Duniani likaiita aina hiyo Omicron. Malipo yao yalikuwa nchi zao kufungiwa safari, jambo lisilo la haki hata kidogo.

Ugunduzi huo ulitegemea watu kupimwa. Masharti ya kudhibiti UVIKO-19 yalipolegezwa, vipimo vilipungua. England iliacha kuwapa watu wengi vipimo vya bure tarehe 1 Aprili 2022. Asiyepimwa hahesabiwi, lakini choo anakwenda. Aliyeambukizwa, hata asiye na dalili, huweza kutoa vipande vya vinasaba vya kirusi katika kinyesi. Maji taka huvikusanya, hivyo chupa moja hubeba habari za maelfu ya watu. Maabara huvitenga vipande hivyo, huvipima wingi, kisha huvisoma. Polio imefuatiliwa hivyo kwa miaka mingi: mwaka 2022 kirusi chake kilionekana katika maji taka ya London, na watoto wa mwaka 1 hadi 9 wakapewa chanjo ya ziada ingawa hakuna aliyeripotiwa kupooza.

Njia hii haisemi nani anaumwa wala kwa ukali gani. Tena huhitaji mabomba ya maji taka. Penye vyoo vya shimo, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, tegemeo kubwa ni sampuli za wagonjwa wanaofika hospitali na homa na kikohozi, zikichukuliwa kila wiki, hata wakati ambapo hakuna anayeulizia UVIKO.